Modemu Inapokataa Kuunganisha: Utaratibu wa Kutafuta Hitilafu

Malipo ya mkulima huanzia kwenye mizani, lakini hayamfikii mpaka orodha ya uzito iwafikie wanaohusika. Katika chama cha msingi kinachotuma orodha hiyo kwa kompyuta, kukatika kwa mawasiliano siku ya mwisho si shida ya katibu peke yake. Ni shida ya kila mwanachama aliyeleta mazao ghalani. Kwa hiyo yafaa kila katibu ajue namna ya kutafuta hitilafu ya modemu kabla ya kuingia gharama ya kumwita fundi kutoka mjini.

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Matoleo yake mengi hayatozwi ada ya leseni, jambo linalovifaa vyama vyenye mfuko mdogo. Aidha, mfumo huu hueleza wazi yanayotendeka ndani yake, mradi uulizwe kwa amri sahihi.

Kanuni kuu ni kuanza karibu na kwenda mbali: kwanza kifaa, kisha laini, kisha mtandao. Haifai kubadili mambo mawili kwa pamoja, kwani hapo haitajulikana ni lipi lililoponya.

Kwanza, ihakikishwe kwamba kompyuta inaiona modemu. Katika dirisha la amri huandikwa lsusb. Modemu isipotajwa, ihamishiwe tundu jingine la kompyuta yenyewe. Kigawanyio kisicho na umeme wake chaweza kuwa ndicho chanzo, maana tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na modemu hutumia umeme mwingi inapotafuta mnara ulio mbali.

Pili, modemu yaweza kuonekana lakini ikajitambulisha kuwa diski. Modemu nyingi hubeba ndani yake programu za Windows, na zikichomekwa huitoa diski hiyo kwanza. Programu iitwayo usb_modeswitch ndiyo huigeuza kuwa modemu. Baada ya hapo, amri ya dmesg huonyesha, kwa modemu nyingi, jina kama ttyUSB0. Jina hilo likikosekana, programu hiyo haijawekwa au haikufanya kazi.

Tatu, ichunguzwe laini. Amri ya mmcli -L hutaja modemu na namba yake. Ikiwa namba ni 0, amri ya mmcli -m 0 hueleza hali ya laini na nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Laini ikiwa imefungwa, hudai namba ya siri. Hapa hapana budi kuwa na uangalifu mkubwa: kwa kawaida namba hiyo ikikosewa mara 3 laini hudai namba ya PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini hufa kabisa. Asiyeikumbuka namba asibahatishe.

Nne, mawimbi yakiwa mazuri na bado hakuna muunganisho, yatazamwe mambo mawili: salio la kifurushi, na jina la lango la mtandao liitwalo APN. Jina hilo hutolewa na kampuni ya simu, na herufi moja ikikosewa muunganisho hukataa.

Tano, muunganisho ukikubali lakini kurasa hazifunguki, huandikwa ping -c 4 8.8.8.8, kisha amri hiyo hiyo kwa jina la tovuti inayojulikana. Namba ikijibu na jina lisijibu, njia iko wazi. Kilichoharibika ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba, nayo husahihishwa katika mipangilio ya muunganisho.

Kila hitilafu na dawa yake iandikwe katika daftari la ofisi, ili katibu atakayekuja asianze upya. Na muda ukiwa umebaki mchache, katibu asing'ang'anie mashine: orodha inakiliwe kwenye flashi na ipelekwe chama jirani au ofisi ya Union ikatumwe kutoka huko. Nakala ya karatasi, iliyotiwa sahihi, ibaki kabatini. Modemu yaweza kutengenezwa kesho. Mkulima anayesubiri ada ya shule ya mwanawe hawezi kuambiwa asubiri msimu ujao.