Karatasi iliyokataa kuungua

Usiku wa tarehe 4 Februari 1428, shule moja katika mji wa Forlì, Italia, iliwaka moto. Masimulizi ya mji huo yanasema kila kitu kiliteketea isipokuwa picha ya Bikira Maria akiwa amempakata Mtoto Yesu. Nayo ilikuwa karatasi tu iliyopigwa chapa, ikakaa ukutani wanafunzi wakiitazama kila siku. Waumini waliibeba hadi kanisa kuu la mji, na iko huko mpaka leo.

Habari ya muujiza nawaachia wenye imani yao. Kinachonishangaza mimi ni kwamba karatasi ile ilikuwapo darasani. Zamani, mwenye picha takatifu alikuwa kanisa, mtawala au tajiri. Chapa ya ubao ikavuruga hesabu hiyo. Fundi alichonga ubao akibakiza mistari iliyoinuka, kama ya muhuri wa ofisini, akaupaka wino na kugandamiza karatasi juu yake. Ubao mmoja ulitoa nakala chungu nzima, na mshona viatu naye akapata mtakatifu wa kubandika kwake.

Tena mtakatifu huyo alipewa kazi. Chapa ya Mtakatifu Kristofa ya mwaka 1423, iliyokutwa ndani ya jalada la kitabu katika monasteri ya Buxheim, Ujerumani, ina maneno yanayomwahidi anayeutazama uso wake kwamba siku hiyo hatafikwa na kifo kibaya. Hirizi hiyo, ingawa padri asingependa kuiita hivyo!

Biashara haikukawia. Mwaka 1498, msanii Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapisha mwenyewe picha 15 za Kitabu cha Ufunuo, na mkewe, Agnes, akawa anauza chapa zake sokoni.

Kisha kibao kikageuka, chapa zikatumiwa kumshambulia Papa mwenyewe. Mwaka 1521, huko Wittenberg, mchoraji Lucas Cranach, rafiki wa mwanamatengenezo Martin Luther, alipanga picha mbili mbili: huku Yesu anawaosha wanafunzi miguu, huku Papa ananyoosha mguu wake ubusiwe. Asiyejua hata herufi moja aliupata ujumbe wote.

Chapa nyingi za wakati ule zilichakaa kwa kushikwashikwa, zikatupwa. Ya Forlì ndiyo nakala pekee ya picha ile inayojulikana kubaki, na kila tarehe 4 Februari mji huo huiadhimisha sikukuu yake.