Gari ya okazio: tafuta ugonjwa mbele ya kununua pyesi



Mwishoni mwa mafunzo yetu ya mbegu na mbolea, watu wakiisha kufunga kaye zao, kuna ulizo moja linalorudi kila mara: "Na ile gari yetu, tuifanye nini?" Sisi ni ma-agronome, hatuko mafundi wa gari. Lakini viazi, maharage na vitunguu vinavyotoka Masisi, Rutshuru ao Lubero havipati bei vikilala njiani siku tatu. Feza ya mavuno ya mwaka mzima inaweza kuishia garaji. Na gari isiyo na freni nzuri inaua watu. Ndiyo maana mara hii tunaacha shamba kidogo, tunaongea juu ya gari.

Gari zetu zinatoka wapi

Gari nyingi za okazio tunazoona Goma zilianza maisha yao Japani. Zinateremshwa Mombasa ao Dar es Salaam, kisha zinapita Uganda ao Rwanda mpaka kwetu. Hiyo inaleta mambo matatu ya kuangalia siku ya kununua.

Jambo la kwanza ni taa. Japani watu wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo taa fupi zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Taa hizo zinaingia moja kwa moja katika macho ya yule anayekuja mbele yako. Omba fundi azigeuze, azishushe ao abadilishe optiki.

Jambo la pili ni mkanda wa ndani ya moteri, kuroa ya distribisio. Moteri zingine hazina mkanda, zina mnyororo ao vyuma vya meno, ulizeni kwanza. Kama kuna mkanda, watengenezaji wengi wanasema ubadilishwe karibu na kilometa 100,000. Ukikatika moteri ikizunguka, mara nyingi moteri yenyewe inavunjika ndani. Kilometa zinazoonekana kwenye tabulo zinaweza kuwa zilirudishwa nyuma. Kama muuzaji hana maandishi ya kuonyesha, hesabuni kwamba mkanda haujabadilishwa, na bei yake muitoe kwenye bei ya gari.

La tatu ni dogo: redio. Redio nyingi za Japani zinakamata FM kati ya 76 na 90 tu. Ikikataa stesheni zilizo juu ya 90, hiyo siyo pane. Msilipe mtu "kuitengeneza" bila kuelewa hilo.

Kanuni ni ile ya shamba

Majani ya maharage yakigeuka manjano, mkulima mwenye haraka anakimbilia dawa. Lakini manjano inaweza kuwa njaa ya azoti, maji kusimama kwenye mizizi, ao inzi wa maharage aliye ndani ya shina. Ukipiga dawa bila kujua, umepoteza feza na ugonjwa uko pale pale.

Gari ni vile vile. "Haiwaki" siyo ugonjwa, ni alama. Mbele ya kufungua bulo hata moja, shofa na fundi wajibu maulizo haya manne:

1. Pane ilianza lini?
2. Inakuja kila wakati, ao mara moja moja?
3. Inakuja moteri ikiwa baridi, ao ikiwa moto?
4. Ni kazi gani ilifanywa kwenye gari siku chache mbele pane haijaanza?

Ulizo la nne linasahauliwa sana. Mara nyingi pane mpya inatoka kwenye waya iliyofunguliwa wiki iliyopita na haikukazwa.

Umeme: pimeni, msikisie

Tuchukue mfano. Asubuhi gari haiwaki. Wanasema ni bateri. Kooperative inanunua mpya. Nyuma ya wiki mbili, mambo ni yale yale. Wanasema ni alternateri, inanunuliwa nyingine. Mwishoni inaonekana taa ndogo ndani ya kabini ilikuwa inawaka usiku kucha mlango ukiwa umefungwa. Pyesi mbili zimelipwa, na ugonjwa ulikuwa swichi ya mlango.

Multimetri ndogo inauzwa madukani mjini, na bei yake haifiki hata karibu na ya bateri. Kila kooperative yenye gari iwe nayo. Namba za kukumbuka kwa gari ya volti 12 ni hizi:

- Moteri imelala usiku mzima: volti 12.6 ni bateri imejaa; 12.2 ni karibu nusu. Chini ya 12 imeisha.
- Wakati wa kuwasha: isishuke chini ya 9.6. Kama ilikuwa imejaa na inaanguka chini ya hapo, bateri imechoka, ao demareri inakula umeme mwingi kupita kiasi.
- Moteri inazunguka: kati ya 13.8 na 14.5. Ikibakia 12 na kushuka, chaji haifiki: angalieni mkanda, waya, kisha alternateri. Ikipita 15, regilateri imekufa na maji ya bateri yanachemka.

Fuso Canter nyingi na kamyo nyingi zenye bateri mbili zinatumia volti 24. Hesabu hizo mara mbili. Na kwa sababu hiyo, msiwashe gari ndogo ya volti 12 kwa kuiunganisha na umeme wa Fuso. Mtaunguza vyombo vyake.

Kama bateri inajaa mchana na inaisha usiku, jaribuni hivi: jioni ondoeni waya wa alama ya kutoa (−), asubuhi muurudishe. Gari ikiwaka vizuri, bateri ni nzima. Kuna kitu kinachokula umeme usiku. Fundi aweke multimetri kati ya bateri na waya huo, kwenye kipimo cha ampere, halafu atoe fizibli moja moja. Gari iliyozimwa yote isikule zaidi ya ampere 0.05 hivi. Fizibli ikitolewa na namba ikishuka, ugonjwa uko kwenye njia ya fizibli hiyo. Demareri isiguswe wakati multimetri iko hapo.

Kisha kuna masi, yaani waya unaorudisha umeme kutoka moteri na bodi mpaka bateri. Vumbi, matope na kutu vinauziba polepole. Alama zake zinachanganya watu: ukikanyaga freni, taa za kuonyesha kona zinawaka kidogo, demareri inalia "tak" bila kuzunguka ijapo bateri imejaa. Chukueni kabo nene ya kuwashia gari, muunganishe (−) ya bateri na chuma cha moteri, kisha muwashe. Ikizunguka kwa nguvu, bateri na demareri ni nzima. Safisheni masi, mkaze. Kazi hiyo inahitaji brosi ya chuma na ufunguo, haihitaji pyesi.

Kuna mambo mawili ya kukataza kabisa garaji. La kwanza: kuondoa waya wa bateri moteri ikizunguka "ili kupima alternateri". Kwenye gari za zamani sana ilikuwa inapita. Kwenye gari yenye kompyuta, volti zinaruka mara moja na kompyuta inaweza kuungua. La pili: kuweka waya ao karatasi ya pakiti ya sigara pahali pa fizibli. Fizibli inakufa ili gari isiungue. Rangi zinasaidia: nyekundu ni ampere 10, bluu 15, manjano 20, kijani 30. Rudisheni rangi ile ile. Ikikatika tena, kuna waya inayogusa chuma pahali fulani, itafutwe.

Maji na joto: mlima unabadilisha hesabu

Mama wanaopika maharage Masisi wanajua kwamba juu ya mlima yanachelewa kuiva. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Goma tuko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na maji yanachemka karibu na digrii 95, siyo 100. Kwenye metre 2,000 ni karibu 93.

Moteri nyingi zinafanya kazi karibu na digrii 90. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha radiateri, kwa kuwa kinafunga presyo ndani. Kifuniko kikichoka, jwe yake ikipasuka, gari itachemka kwenye kupanda hata kama radiateri ni nzima na maji yamejaa. Kwa hiyo gari ikichemka, anzeni na kifuniko, kisha mipira ya maji, mkanda, ventilateri na uchafu kati ya mapezi ya radiateri. Kubadilisha jwe ya kilase kuje nyuma ya hayo.

Mafundi wengi wanatoa termostati na kuitupa. Gari inaonekana kupona, lakini asubuhi za baridi moteri inakawia kupata joto lake, inakula mazutu zaidi na kuchakaa mbele ya wakati. Kama termostati imekufa, iwekwe ingine.

Maji nayo: maji ya ziwa Kivu yana chumvi na madini mengi, yanaacha magamba ndani ya radiateri. Bora maji ya mvua yaliyochujwa. Bora zaidi ni maji ya rangi ya radiateri. Na radiateri ya moto haifunguliwi kamwe. Ngojeni mpaka mkono uweze kukaa juu yake.

Mazutu na hewa

Mafuta mengi tunayanunua kwa bidoni, kwa wale tunaowaita Kadhafi. Mwekeni kidogo katika chupa nyeupe, mngoje dakika chache. Maji yanashuka chini na yanaonekana. Moteri za mazutu za zamani zinavumilia kidogo. Zile mpya za presyo kubwa, tone la maji linaweza kuua enjekteri, na enjekteri ni kati ya pyesi za bei kali. Chujeni mafuta, na kila wiki mfungue bulo ndogo chini ya filtri ya mazutu ili maji yatoke.

Hewa nayo ina adui. Vumbi la mawe ya volkano ni gumu na lina makali. Likipita filtri, linakwaruza silinda. Filtri ikiziba, moshi unakuwa mweusi na nguvu inapungua kwenye kupanda. Pulizeni filtri kutoka ndani kwenda inje, siyo kinyume. Ikipasuka, hata kidogo, ibadilishwe.

Moshi unasema mengine pia: wa bluu ni mafuta ya moteri yanaungua, mweupe mwingi usioisha moteri ikiwa moto, na maji yanapungua, ni jwe ya kilase ao kilase chenyewe.

Freni: hapa hakuna "tutaona kesho"

Yule anayeshuka kutoka Masisi kwenda Sake, ao Kabasha kutoka Kanyabayonga, na magunia mgongoni, anajua mteremko ulivyo mrefu. Akishikilia freni muda wote, joto linapanda mpaka mafuta ya freni yanachemka. Mvuke unatokea ndani ya mipira, pedali inakwenda chini, na gari haisimami.

Mafuta ya freni yanakunywa maji kutoka hewani. Kadiri yanavyozeeka, ndivyo yanavyochemka upesi. Yabadilishwe yote kila miaka miwili. Na kwenye gari ya okazio, mwezi ule ule wa kuinunua. Msiongeze kamwe mafuta ya moteri ao mafuta ya kula: yanavimbisha mipira na freni zinakufa zote.

Shofa ashuke na vitesi ile ambayo angepandia, moteri iwaka, asiweke nyutro ili kuchunga mazutu. Pedali ikiwa laini kama sponji, ikishuka polepole ukiikanyaga, ao gari ikivuta upande, haipakiwi. Komite isimuombe shofa "ajaribu tu mpaka soko". Mara nyingi juu ya magunia kuna watu wameketi.

Kaye ya gari

Vita vingi ndani ya kooperative juu ya gari vinatoka kwenye kukosa maandishi kuliko kwenye pane yenyewe. Gari iwe na kaye yake: tarehe, kilometa, alama iliyoonekana, kipimo kilichofanywa, pyesi iliyowekwa, bei, jina la aliyekubali. Muweke kanuni mbili. Hakuna pyesi kubwa inayonunuliwa kama ukurasa wa "kipimo" ni mtupu. Na pyesi ya zamani inarudi kwa kooperative, hata kama imekufa. Fundi mwema hatakasirika. Shofa mwema atafurahi, kwa sababu kaye inamlinda naye pia, wanamemba wakianza kuuliza feza ilikwenda wapi.

Asubuhi, mbele ya kutoka: dakika kumi

Muandike orodha hii, muibandike ndani ya mlango wa gari:

1. Mafuta ya moteri, kwenye fimbo, gari ikiwa pahali sawa.
2. Maji, moteri ikiwa baridi, na kifuniko.
3. Mafuta ya freni. Yakishuka, tafuta yanapovujia.
4. Chini ya gari: tone jipya?
5. Mipira ya gurudumu, na ubavu wake wa ndani. Mawe ya lava yanakata hapo.
6. Bulo za magurudumu.
7. Taa zote, na taa ya bateri: iwake ukifungua kontakti, izimike moteri ikiwaka.
8. Pedali ya freni mara tatu, kisha metre kumi polepole na kusimama.

Namba ya 8 ikikataa, gari inabaki nyumbani siku hiyo. Viazi vinaweza kungoja siku moja.