Macho Yanayowasha Yasidharauliwe

Wakati wa kiangazi, upepo unapoinua vumbi huko Luena, mji wa makaa ya mawe kando ya reli ya Kamina, mwalimu aweza kumwona darasani mtoto asiyeacha kusugua macho. Ni mekundu, yanatoa utando unaovutika kama uzi, nayo hayapendi jua. Watu husema, "Ni vumbi tu." Wazazi wapenzi, pengine si vumbi tu.

Uko ugonjwa wa mzio, ambao kwao macho ya mtoto huchukizwa na vumbi au chavua isiyomdhuru mwenzake. Huwashika zaidi wavulana, mara nyingi kabla ya miaka 10, nao kwa kawaida hupungua wakisha kubalehe. Hauambukizi, basi si haki kumfukuza mtoto shuleni kwa ajili yake.

Hatari yake ni hii. Chini ya kope la juu huota vinundu vigumu. Kila mtoto anapopepesa, vinundu hivyo hukwaruza kioo cha jicho, yaani ile sehemu ang'avu iliyo mbele ya mboni, na majimaji makali ya uvimbe huichoma. Mwishowe hutokea kidonda, nacho chaweza kuacha kovu lenye kuziba nuru. Mtoto akiumwa sana, akishindwa kufumbua jicho mwangani, au doa jeupe likionekana, apelekwe kwa mganga wa macho siku ile ile.

Mganga hutuliza uvimbe kwa matone yenye kotisoni, akiongeza matone ya kuzuia vijidudu visiingie kidondani. Ukoko mgumu ukifunika kidonda, matone peke yake huenda yasitoshe. Huukwangua ili ngozi mpya ipate kuota.

Lakini kotisoni ni kisu chenye makali kuwili. Ikitiwa miezi mingi pasipo jicho kupimwa, yaweza kuzidisha presha ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, au kuleta mtoto wa jicho. Mzazi hununua kichupa sokoni, huona wekundu umetulia, hununua tena. Kumbe dawa yenyewe inampofusha mwanawe.

Kwa sababu hiyo waganga wa Kabgayi, nchini Rwanda, walitafuta dawa nyingine. Walijaribu wagonjwa 366, na habari zake zikatangazwa mwaka 2012: matone ya siklosporini yalituliza macho sawasawa na deksamethasoni, ambayo ni ya jamii ya kotisoni, ingawa yalichoma zaidi yalipotiwa. Faida yake ni kwamba hayazidishi presha ya jicho.

Nyumbani, mwosheni mtoto uso kwa maji safi, mwekeeni kitambaa cha maji baridi juu ya macho, mvalisheni kofia, mkamzoeze asisugue. Maji ya majani yasitiwe machoni kamwe. Na kichupa alichoandika mganga kitumike kwa siku alizozitaja, kisha mtoto arudishwe kupimwa, hata kama macho yamekuwa meupe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kioo cha jicho kikisha kupata kovu, ukuta huo ni mgumu kuujenga.