Mapendo na Safari katika Vitabu vya Picha vya Japani



Mtu mzima akimwona kijana ameinamia kitabu cha picha, mara nyingi husema: "Acha mchezo huo, ushike kitabu cha maana." Neno hilo lina nusu ya haki. Viko vitabu vya picha visivyo na maana, kama vilivyopo vitabu vya maandishi visivyo na maana. Lakini kuvitupa vyote katika shimo moja si hukumu njema. Hakimu husikiliza kwanza, ndipo akate shauri. Basi leo tusikilize hadithi tatu kutoka Japani, tuzitazame hasa juzuu zake za miaka ya karibuni, tuone zina neno gani la kutuambia juu ya mapendo na juu ya safari.

Jinsi manga zinavyotolewa

Wajapani huviita vitabu hivyo manga. Hufunguliwa upande ule tuuitao sisi wa mwisho, na picha zake husomwa kutoka kuume kwenda kushoto. Hadithi haitolewi yote mara moja. Hutoka kwanza sura kwa sura katika gazeti la kila juma au la kila mwezi, na baadaye sura kadhaa hukusanywa katika juzuu ndogo yenye kurasa karibu 200. Hadithi ikipendwa, huweza kuendelea miaka kumi na zaidi. Hizi tatu za leo zimetafsiriwa kwa Kifaransa, na kwa njia hiyo msomaji wa Kongo aweza kukutana nazo.

Desturi hiyo ya kutoa hadithi kidogo kidogo ina faida na hasara. Faida yake ni kwamba mtungaji hupata nafasi ya kuwakuza watu wake polepole, kama mtoto akuavyo machoni pa jirani. Hasara yake ni kishawishi cha kuvuta kamba. Wapendanao wako karibu kusema neno, mara mlango wagongwa. Neno halikusemwa, juzuu yakwisha, na msomaji hana budi kungoja. Adui mmoja akianguka, mwingine mkubwa kuliko yeye hutokea. Ndiyo maana juzuu za mwanzo si kipimo cha kutosha. Kuanza vizuri si kazi ngumu sana. Yatupasa kuuliza: neno la mapendo likishasemwa, kunabaki nini? Adui akishashindwa, watu wanaishije?

Frieren: safari inayoanza mwishoni

Hadithi ya kwanza ni *Frieren*. Yamada Kanehito ndiye anayeitunga, na Abe Tsukasa ndiye anayeichora. Ilianza mwezi wa Aprili 2020 katika gazeti la vijana liitwalo *Shonen Sunday*, na mwaka 2021 ilipewa tuzo ya Manga Taisho.

Ajabu yake ni kwamba inaanzia pale hadithi nyingine zinapokwisha. Watu wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka kumi. Wamemshinda Mfalme wa Mashetani. Himmel ndiye shujaa, Heiter ni kuhani, Eisen ni askari wa shoka, na Frieren ni mwanamke mwenye elimu ya mizungu. Huyu Frieren ni wa kabila liishilo muda mrefu mno: yeye amekwisha kupita miaka elfu moja. Kwake miaka kumi ni kama siku chache. Anaagana na wenzake bila uzito wowote, akiahidi kuonana nao vimondo vitakapoanguka tena baada ya miaka 50. Anaporudi, Himmel amekuwa mzee. Wanatazama vimondo pamoja, na muda mfupi baadaye Himmel anafariki. Penye kaburi ndipo Frieren anapolia, kwa sababu ametambua kwamba alisafiri na mtu huyo miaka kumi asijitahidi kumjua.

Hapo ndipo safari ya pili inapoanza. Frieren anaenda kaskazini, mahali ambapo hadithi inasema roho za wafu zaweza kusemeshwa. Njiani yuko pamoja na vijana wawili: Fern, yatima aliyelelewa na Heiter, na Stark, mwanafunzi wa Eisen. Katika kila mji anakumbuka jambo dogo alilolifanya Himmel. Himmel alikuwa akikubali kuchongewa sanamu katika miji mingi, na Frieren alidhani ni majivuno. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba Frieren, siku wenzake wote watakapokuwa wamekufa, asijione peke yake duniani.

Katika juzuu za 9 hadi 11 twakutana na mzee Denken. Mji wake wa kuzaliwa umegeuzwa kuwa dhahabu tupu, pamoja na watu wake, na adui ambaye zamani alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Msomaji angetazamia kwamba mzee huyu anapigania sifa, au hiyo dhahabu. Lakini shauku yake ni kufika tena kwenye kaburi la mke wake, lililofungwa ndani ya mji ule. Kwa maoni yetu hizo ni juzuu bora kabisa za hadithi hii. Pigano ni kubwa, lakini chanzo chake ni jambo ambalo kila mjane analifahamu.

Kisha mambo yalegea kidogo. Katika juzuu ya 14, iliyotoka Japani mwaka 2025, wasafiri wamo katika mji mkuu wa dola. Kuna njama ya kuua mtu mkubwa, wapelelezi ni wengi, na majina mapya yaingia kwa wingi hata msomaji hurudi nyuma kuuliza huyu ni nani. Frieren mwenyewe aonekana kidogo. Kinachomshika mkono msomaji ni Fern na Stark. Zamani Stark alimpa Fern bangili yenye mchoro wa ua ambalo maana yake ni mapendo ya milele, naye hakuijua maana hiyo. Himmel pia alimvika Frieren pete yenye ua lile lile, na Frieren hakuelewa kitu. Msomaji anauliza: Je, hawa vijana watachelewa kama wale wazee? Swali hilo lina nguvu kuliko njama zote za mjini.

Yona: binti mfalme na watu wake

Hadithi ya pili ni *Yona* ya Kusanagi Mizuho, iliyoanza mwaka 2009 katika gazeti la wasichana liitwalo *Hana to Yume*. Imepita juzuu 40.

Yona ni binti wa mfalme katika nchi ya kubuniwa iitwayo Kouka. Anampenda Soo-Won, mwana wa baba yake mkubwa, ambaye kwetu angemwita kaka tu. Usiku wa kutimiza miaka 16 anaingia chumbani mwa babaye ili kumwambia kwamba hawezi kumwacha kijana huyo. Anamkuta Soo-Won akimchoma mfalme upanga. Mlinzi wake Hak, rafiki wa utotoni wa wote wawili, anatoroka naye. Adui anapozishika nywele zake ndefu nyekundu ili kumkamata, Yona anachukua upanga na kuzikata mwenyewe. Hiyo ndiyo siku aliyoacha kuwa mtoto wa kasri.

Katika safari yake anawatafuta mashujaa wanne wenye nguvu za majoka wa kale. Lakini analojifunza hasa ni nchi yake mwenyewe. Anaona njaa ya wakulima, anaona bandari ambako wasichana wanauzwa, anaona watu walioharibiwa na madawa ya kulevya. Anatambua kwamba baba yake, mtu mpole aliyempenda sana, hakuyaona hayo au hakuyatengeneza. Naye muuaji wa babaye anatawala kwa akili, na nchi inapata nguvu.

Katika juzuu zilizopita ya 30, Yona amerudi katika kasri ile ile, na anajua kwamba Soo-Won ana ugonjwa wa urithi kutoka ukoo wa mamaye. Vita viko mpakani. Je, amlipize kisasi mtu aliyemwua babaye, na watu wengi waangamie? Au afanye kazi pamoja naye, na moyo wake uvuje damu? Mtungaji hampi njia rahisi. Yona anachagua kuwalinda watu, wala hasemi kwamba amesahau. Hak naye, aliyekuwa ndugu wa moyo wa Soo-Won, anabeba hasira ile kimya. Ni vigumu kumchukia Soo-Won kabisa, na ni vigumu kumsamehe kabisa. Vijana wengi wa nchi zilizoonja vita wanaweza kuielewa shida hiyo bila kufundishwa.

Kasoro yake ni urefu. Hak alimpenda Yona kimya tangu mwanzo, na juzuu zaidi ya 20 zilipita kabla mambo hayajanyooka kati yao. Vita vinafuatana hata mmoja hufanana na mwingine. Lakini neno la mapendo liliposemwa mwisho, lilikuwa na uzito, kwa kuwa tulikwisha kuwaona hawa wawili wakigawana chakula kidogo, wakilala porini, wakiokoana. Hakuna aliyehitaji ushahidi.

Yuki na Itsuomi: lugha ya mikono

Hadithi ya tatu haina upanga wala joka. Kwa Kijapani jina lake ni *Yubisaki to Renren*, na jina hilo lataja ncha za vidole na mapendo. Ilianza mwaka 2019 katika gazeti la kila mwezi liitwalo *Dessert*. Mwenyewe ajiita suu Morishita, na hilo ni jina moja la watu wawili: mmoja hutunga, mwingine huchora.

Yuki ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Siku moja ndani ya treni mgeni anamwuliza njia, naye hawezi kumjibu. Kijana Itsuomi, msafiri ajuaye lugha kadhaa, anamsaidia. Anapotambua kwamba Yuki hasikii, hamwonei huruma ya kujionyesha. Anaona kwamba iko lugha nyingine asiyoijua, naye anaomba kufundishwa lugha ya ishara.

Yuko pia Oushi, aliyemfahamu Yuki tangu utoto. Huyu aijua lugha ya ishara vizuri, maana alijifunza kwa ajili yake. Lakini kila akikutana naye humdhihaki. Basi mmoja ana maneno mengi asiyeyatumia kwa heshima, na mwingine ana maneno machache sana anayeyatafuta kwa bidii. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kitabu. Mchoraji ameichora mikono kwa uangalifu mkubwa, na msomaji hujikuta anapunguza mwendo ili atazame vidole.

Yuki na Itsuomi hawangoji juzuu 20. Mapema tu wanaambiana. Hivyo juzuu za baadaye haziulizi kama watapendana, zinauliza wataishije. Yeye aliyezoea kuzunguka dunia atawezaje kukaa? Naye aliyezoea duara ndogo ya watu atawezaje kutoka? Hapa hadithi ni tulivu, na wengine wataiona tulivu kupita kiasi. Itsuomi hakosi karibu kitu: ana sura nzuri, ana lugha, ana ushujaa wa kwenda popote. Mtu asiye na kasoro huchosha. Twatamani tumwone mara nyingi zaidi akishindwa, akikosea ishara, akichekwa. Hata hivyo juzuu hizi zina faida moja kubwa: zinaonyesha kwamba kumpenda mtu ni kazi ya kila siku, kama kujifunza lugha, na hakuna aimalizaye kwa juma moja.

Shauri kwa wazazi na wanafunzi

Tukizilinganisha hadithi hizi, twaona kwamba zote tatu zafanikiwa mahali pamoja. Zafanikiwa pale safari inapomlazimisha mtu kumjua mwenzake. Frieren alijifunza amechelewa. Yona alijifunza kwa machozi. Itsuomi anajifunza mapema, kwa sababu aliuliza. Zinaposahau kazi hiyo na kuongeza maadui, wapelelezi na majeshi, kurasa huwa nyingi na hadithi huwa nyepesi.

Wazazi, msidhani kwamba kila manga ni ya watoto kwa kuwa ina picha. Wajapani wenyewe huzipanga: *shonen* kwa wavulana, *shojo* kwa wasichana, *seinen* kwa wanaume watu wazima. Katika hizo za watu wazima zimo zisizofaa kabisa kuingia mikononi mwa mtoto. Hata katika *Yona* na *Frieren* damu humwagika, hazifai kwa wadogo sana. Njia iliyo bora ni kusoma juzuu moja ninyi wenyewe kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ni kazi ya saa moja.

Nanyi wanafunzi, anzeni na juzuu ya kwanza, msirukie ya 30 kwa sababu rafiki aliisifu. Mkifika mwisho wa kila juzuu, jiulizeni swali moja: Je, watu hawa wanafahamiana kuliko mwanzo? Kama jibu ni ndiyo, endeleeni. Kama juzuu tatu zimepita na jibu bado ni hapana, kifungeni kitabu bila majuto, mkatafute kingine. Naye Stark akisita tena kumwambia Fern neno lake, mtaelewa kwa nini wasomaji wengi wanamhimiza asingoje vimondo vya miaka 50.