Kupanga Utengenezaji wa Kitabu cha Watoto chenye Picha: Mfano wa Thika na Ruiru

Pengine mtoto wa Thika anayejulikana zaidi katika vitabu ni mtoto wa mlowezi wa Kiingereza. Elspeth Huxley alitoa kitabu chake The Flame Trees of Thika mwaka 1959, na mwaka 1981 kisa hicho kikaonyeshwa katika televisheni ya Uingereza. Tangu hapo jina la mji huo limeambatana na miti yenye maua mekundu na mashamba mapya ya kahawa yanayotazamwa kutoka barazani. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za wachuma kahawa, upande wa pili wa mashamba hayo hayo, ameonekana katika maandishi kwa uchache, na katika vitabu vya picha kwa uchache zaidi. Makala haya yanachunguza jinsi kitabu cha picha cha Kiswahili kwa ajili ya mtoto huyo, mwenye umri wa miaka sita hadi minane, kinavyopaswa kupangwa kabla mchoraji hajaanza kazi yake. Mengi yanayoharibika katika vitabu vya namna hii huharibika mapema, wakati ambapo hakuna anayedhani kwamba kazi imekwisha kuanza.

Jambo la kwanza ni lugha ya msomaji. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mashambani, lugha ya eneo huwa ni moja na haina ubishi. Thika na Ruiru si mashamba tena. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Ruiru ina wakazi wapatao 490,000 na Thika wapatao 250,000, nao wamefika kutoka kila upande wa Kenya kutafuta kazi za viwandani na nyumba karibu na Nairobi. Mtoto mmoja huzungumza Kikuyu nyumbani, jirani yake Kikamba, wa tatu Kiluhya, na wote watatu hukutana uwanjani katika Kiswahili cha mjini kilichochanganyika na Sheng. Kwa hiyo Kiswahili cha kitabuni si lugha ngeni kwao, lakini si kile wakisemacho pia. Mpangaji asiyelikubali jambo hili huishia kuandika ama kwa mtoto wa Lamu ama kwa mtoto ambaye hayupo popote.

Vitabu vya alfabeti na vya kusoma vilivyotungwa kwa kufuata maisha ya pwani vinadhihirisha tatizo hilo. Neno mbuzi huchorwa mnyama, na hapo hapana tatizo. Lakini mbuzi wa kukunia nazi akichorwa jikoni, mtoto wa Ruiru huona kigoda chenye ulimi wa chuma na kushangaa mnyama amekwenda wapi. Neno nyanya lina ugumu wa upande wa pili. Katika Kiswahili cha bara ya Kenya nyanya ni mama wa mama au wa baba, na ni tunda la kupikia mchuzi. Mwalimu wa Zanzibar angeandika bibi na kuondokana na utata, lakini kwa wengi wa bara ya Kenya bibi ni mke, na kisa cha mtoto anayelala kwa bibi yake kingezua kicheko darasani. Zaidi ya hayo, kwa kuwa majina ya ukoo hufuata ngeli ya N katika umilikishi, “nyanya yangu” husemwa kwa mzee na kwa tunda vilevile. Ni kitenzi tu kinachotenganisha: nyanya yangu yuko mezani, nyanya yangu iko mezani. Katika kitabu cha maneno machache, picha ndiyo inayobeba mzigo huo, na hapo picha huacha kuwa pambo na kuwa sehemu ya sarufi.

Mfano ulio bora zaidi kwa eneo hili ni neno mbuni. Ni mti wa kahawa, ni ndege mkubwa asiyeruka, na ni mtu abuniye jambo. Tena katika biashara ya kahawa nchini Kenya, mbuni ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kumenywa. Kivumishi hakisaidii: mti ni mbuni mrefu na ndege ni mbuni mrefu. Kiambishi cha kitenzi ndicho kinachoamua, “mbuni umesimama” dhidi ya “mbuni amesimama”, yaani irabu moja. Haifai kumtegemea msomaji wa miaka sita aikamate irabu hiyo peke yake. Wahariri wengine wangelikimbia neno lenyewe. Huo ni uamuzi mbaya kwa kitabu cha Ruiru, kwa sababu mti huo ndio mandhari ya mahali, na mtoto anayeiona irabu ikigeuza mti kuwa ndege, huku picha mbili zikiwa mbele yake, amefundishwa upatanisho wa kisarufi pasipo kutajiwa ngeli.

Lakini picha yenyewe lazima iwe ya kweli. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, aina inayostahimili ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Miti yake ni mifupi na hupandwa kwa kusongamana. Mchoraji wa mjini akichora mbuni mrefu wenye matawi ya mwembe, mtoto ambaye mama yake huchuma kahawa atajua mara moja kwamba aliyekitengeneza kitabu hajapata kufika shambani. Ndiyo maana gharama ya kwanza inayostahili kuingizwa katika makisio ni nauli ya mchoraji. Akae Ruiru siku mbili tatu, achore kinu cha kumenyea, meza za kuanikia na makapu. Kisha apande matatu hadi Thika, kilomita 20 hivi, akiutazama mlima ambao Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk na Waswahili Kilimambogo. Mara nyingi nauli hiyo hukatwa ili kuokoa fedha, na hasara yake huonekana katika kila ukurasa.

Sasa na ichukuliwe hadithi ya kubuni: msichana anamfuata nyanya yake tangu buni zinapochumwa Ruiru hadi zinapokobolewa Thika na kunywewa jikoni. Mswada wake una maneno mia mbili. Hatua inayofuata si kumpa mchoraji mswada huo. Ni kuchukua karatasi tupu, kuzikunja, na kutengeneza kitabu cha mfano chenye kurasa 16, kisha kuyagawa maneno humo kwa penseli. Kitabu cha kushonwa kwa pini mgongoni huenda kwa kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kwa kipimo cha A5, kurasa 16 hutoka katika karatasi moja ya A2 iliyopigwa chapa pande zote mbili, kurasa nane kila upande. Mwandishi aliyegundua kwamba hadithi yake yahitaji kurasa 17 hana kurasa 17. Ana 20, au ana kazi ya kupunguza.

Kutoka katika kukunja huko hutokea jambo ambalo waandishi wengi hawaambiwi. Karatasi ikikunjwa, upande mmoja hubeba ukurasa wa 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16. Upande wa pili hubeba 2, 3, 6, 7, 10, 11, 14 na 15. Rangi kamili huhitaji mabamba manne kwa kila upande, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, jumla manane. Fedha zikiwa chache, upande mmoja hupigwa kwa rangi zote na wa pili kwa wino mweusi peke yake, na mabamba huwa matano. Vitabu vingi vya watoto vya karne ya 20 vilitengenezwa hivyo, na ndiyo sababu ndani yake kurasa mbili za rangi hufuatwa na mbili zisizo na rangi. Mpangaji mwerevu haoni aibu kwa hilo. Huipanga hadithi iufuate mkunjo. Buni zinazoiva ni sharti ziwe na rangi, maana mtoto lazima atenganishe nyekundu na za kijani: ziwekwe ukurasa wa 2 na 3. Kinu cha kumenyea kinaweza kuwa cheusi. Meza za kuanikia zenye jua zije 6 na 7. Magunia usiku 8 na 9. Barabara ya Thika 10 na 11. Ndani ya kiwanda chenye vumbi na giza 12 na 13. Jikoni kwa nyanya, kikombe kikitoa mvuke, 14 na 15.

Mpango huu una dosari moja. Ukurasa wa 8 na wa 9 ndio katikati ya kitabu, na ndiyo jozi pekee ya ndani iliyo kipande kimoja cha karatasi. Picha kubwa inayovuka mgongo hukaa sawa hapo tu, kwingineko nusu zake huweza kupishana. Katika mpango uliotajwa, mahali hapo bora pamepewa usiku mweusi. Anayetaka picha kuu ya rangi katikati ageuze upande wa rangi, na hapo buni zilizoiva zihamie ukurasa wa 4 na 5, hadithi ianze polepole zaidi, na jikoni kwa nyanya kukose rangi. Hakuna jibu moja. Huenda usiku, ukichorwa na mkono mzuri, ukaistahili nafasi ya katikati kuliko jua. Lililo muhimu ni kwamba uchaguzi ufanywe wakati wa penseli, si baada ya picha kukamilika na kulipiwa.

Maneno nayo yana ukubwa wake. Kiswahili huunganisha kiima, wakati, shamirisho na mzizi katika neno moja. “Hawakutufungulia” ni sentensi nzima yenye herufi 16. Kwa herufi kubwa zinazowafaa wanaoanza kusoma, mstari wa ukurasa wa A5 hutoshelezwa na maneno matatu au manne. Mpangaji aliyezoea vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza huacha nafasi ndogo mno chini ya picha, kisha mpiga chapa hulazimika ama kupunguza herufi ama kukata maneno mwishoni mwa mstari. Kukata neno ni kumnyang'anya msomaji mchanga kile anachojifunza, yaani viambishi. Afadhali mstari uishe mfupi pale pumzi inapoishia.

Kuhusu fedha yatosha kusema machache. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichoanza kazi mwaka 1974 kilifungwa mwaka 2009, kikaja kufufuliwa baadaye na wamiliki wengine. Sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Makisio yasiyozingatia bei ya karatasi na kodi ni ndoto. Mkataba wa mchoraji nao uandikwe mapema, ukisema kama analipwa mara moja au kwa fungu la mauzo, na jina lake liwe jaladani. Emmanuel Kariuki aliyevichorea vitabu vya Njamba Nene vya Ngũgĩ wa Thiong'o, vilivyoanza kutoka kwa Kikuyu mwaka 1982, alifanya zaidi ya kupamba: watoto waliomkumbuka Njamba Nene walimkumbuka kwa sura aliyompa.

Thika inamwekea mpangaji mtihani mmoja ambao miji mingi haina. Jeshi la Wokovu lilianzisha hapo shule ya watoto wasioona mwaka 1946, na shule ya sekondari ikafuata. Kitabu cha picha kuhusu kahawa ya Ruiru, kitakachosomwa Thika, kitafika kwa mtoto asiyeiona hata picha moja. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, kwa hiyo kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu, yaani breli, hakuzuiwi tena na hakimiliki. Kizuizi kimo katika utungaji. Imesemwa hapo juu kwamba picha ibebe mzigo wa maana, na maneno yasirudie kile kinachoonekana. Maneno yale yale, yakitolewa peke yake kwa vitone sita, yatasema “Nyanya yangu yuko mezani” na kumwacha msomaji bila jiko, bila kikombe, bila mvuke.

Kuongeza maelezo katika maandishi ya wote si dawa. Hukifanya kitabu kuwa kizito kwa anayeona. Wala kuichora picha ile ile kwa mistari iliyoinuka hakutoshi. Kidole husoma kipande baada ya kipande, na vitu vinavyofunikana au vinavyopungua ukubwa kwa kuwa mbali humchanganya. Lifaalo ni kuandika miswada miwili tangu mwanzo. Wa pili uwe na sentensi chache za ziada kwa kila jozi ya kurasa, zitungwe na mwandishi mwenyewe kwa sauti ile ile ya hadithi, na mahali pa picha pawekwe kitu kimoja kimoja cha kupapaswa: buni kavu iliyogundishwa, kipande cha gunia, jani la mbuni lililoinuliwa kwa ukubwa wake halisi. Nakala hiyo ijaribiwe na wasomaji kabla ya mabamba kutengenezwa, kwa kuwa maswali yao huonyesha ni wapi hadithi iliitegemea picha kwa uvivu. Mtoto akiuliza kikombe ni cha nani, na jibu lisipatikane hata katika mchoro wa jikoni, ni mswada wa kwanza unaorudishwa kwa mwandishi.