Msikiti wa Kizimkazi na ukuta wa chumbani kwa watoto

WAGENI wengi wanaofika Kizimkazi huja kutazama pomboo. Watoto wa kaka yangu, mmoja miaka 9 na mwingine 12, nao walitaka pomboo. Nikawaahidi kwa sharti moja: kwanza tupite Dimbani, tuuone msikiti. Kutoka Paje, wanakoishi na bibi yao, tulipita Jambiani na Makunduchi, tukafika kabla jua halijawa kali.

"Shangazi, ndio huu?" aliuliza yule mdogo.

Simlaumu. Kwa nje ni msikiti wa kijijini kama mingine: mdogo, kuta nyeupe, paa la mabati. Unaswaliwa mpaka leo, kwa hiyo nje ya nyakati za swala mgeni humuomba mtunzaji ruhusa, huvua viatu na hujistiri. Ukishaingia ndani ukaikabili mihrabu ndipo unapoelewa. Mistari ya maandishi ya Kikufi, yenye ncha zilizochanua kama majani, imechongwa kwenye jiwe la matumbawe kuizunguka kibla. Sehemu kubwa ni aya za Kurani. Sehemu nyingine inataja tarehe: mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mtaalamu Samuel Flury aliyaeleza maandishi hayo katika makala ya mwaka 1922, na hadi leo ni miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi yenye tarehe katika pwani yetu.

Yule mkubwa alipiga hesabu kwa vidole, akakata tamaa, akatoa simu yangu. Zaidi ya miaka 900.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba jengo lenyewe si la umri huo wote. Kuta tunazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za ujenzi wa karne ya 18. Maandishi mengine ndani ya msikiti yanataja mwaka 1184 Hijria, sawa na 1770 hivi. Paa la mabati ni la juzi tu. Waliojenga upya wangeweza kuifukia mihrabu ya zamani au kuchonga mpya. Waliibakiza. Waliotangulia walitengeneza kilichochakaa, wakaacha kisichoweza kurudishwa.

Nikawaeleza watoto jinsi jiwe lile lilivyochongeka. Tumbawe likitoka baharini likiwa bichi ni laini, chombo kinapita. Likikauka hushika ugumu. Kuta zenyewe ni za mawe yanayochimbwa nchi kavu, yakishikwa kwa chokaa. Na chokaa ni matumbawe hayohayo: huchomwa kwa kuni mpaka yawe meupe na mepesi, yakamwagiwa maji, yakaachwa yatulie kabla ya kutumika. Ukuta mzima, kwa hiyo, ni kitu kimoja. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita kwenye chokaa na kutoka hewani. Mafundi husema ukuta unapumua, na sioni neno bora.

Hapo ndipo nilipoikumbuka nyumba ya mama.

Nyumba yetu ya Paje ni ya mawe na chokaa. Miaka miwili iliyopita tuliipiga lipu ya saruji chumba cha watoto, tukaipaka rangi ya mafuta, tukafurahi. Tulidhani tunaiimarisha. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hukauka nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ivimbe na kubanduka. Leo ukuta ule una madoa meusi ya kuvu nyuma ya kitanda, na mdogo hukohoa usiku.

Sisemi kikohozi chake kimetoka ukutani. Hilo ni la daktari kuamua. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na unaeleza wazi kuwa wanaoishi humo hupata zaidi dalili za kifua, na pumu huzidi. Kufuta madoa kwa kitambaa hakutoshi, maana maji yako palepale. Vuta kitanda mbali na ukuta, fungua madirisha asubuhi, zuia maji ya paa yasimwagike msingini. Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, au kifua kikitoa mlio, mpeleke kituo cha afya.

Hili la saruji si letu peke yetu. Huko Uingereza kuna makanisa madogo ya vijijini ya umri wa msikiti huu, na mengi yalikarabatiwa vibaya. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kuyalinda majengo ya kale dhidi ya ukarabati wa kupitiliza, na watunzaji wa majengo hayo leo wanasisitiza chokaa. Hapa kwetu, Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe na chokaa pia, na sote tunakumbuka Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili.

Ninachohofia Dimbani na misikiti mingine midogo ya shamba ni mtu mwenye nia njema na mifuko ya saruji. Sadaka ni sadaka, lakini kabla ya kupokea, muulizeni fundi anayeijua chokaa.

Na kwa mzazi atakayetaka kuijaribu nyumbani: chokaa ambayo bado haijamwagiwa maji huunguza ngozi, na jichoni ni hatari kubwa. Watoto wakae mbali. Ikimwingia mtoto jichoni, lioshe mara moja kwa maji safi mengi kwa dakika 20 hivi, kisha hospitali bila kuchelewa.

Pomboo tuliwaona, wanne. Njiani kurudi mkubwa aliniuliza kama nyumba ya bibi nayo inaweza kufika miaka 900. Nilimpigia simu fundi jioni ileile. Anakuja Jumamosi kubandua lipu ya chini, nyuma ya kitanda, tuone ukuta wenyewe ukoje.