Si kila bahili ni Mkalvini

Ulaya, mtu akibana matumizi, akavaa nguo nyeusi na kuchukia anasa, haikawii kusemwa kwamba ana tabia ya Kikalvini. Waholanzi hujitania hivyo wenyewe: mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Hata asiyekanyaga kanisani hubandikwa sifa hiyo.

Jina hilo linatokana na Jean Calvin, mwanamageuzi wa kanisa, Mfaransa aliyezaliwa Noyon mwaka 1509, lakini yeye mwenyewe hakulipenda. Lilienezwa na wapinzani wake, akiwemo Joachim Westphal, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, walipozozana naye miaka ya 1550 kuhusu Meza ya Bwana.

Sifa ya ukali hakusingiziwa. Mjini Geneva, baraza la wachungaji na wazee lilikutana kila Alhamisi kuwahoji waliocheza dansi au kamari, wanandoa waliogombana, hata walioshindwa kusali Sala ya Bwana kwa Kifaransa. Mwaka 1553 Michael Servetus alichomwa moto akiwa hai kwa kupinga Utatu, na Calvin alikuwa miongoni mwa waliomshtaki. Doa hilo halifutiki.

Ubahili je? Mshahara aliopangiwa Calvin na mji mwaka 1541 ulikuwa na ngano na mapipa mawili ya divai. Si malipo ya mtu aliyeapa kutoonja starehe!

Picha ya mchapakazi anayeweka akiba ilikolezwa na Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyeandika mwaka 1904 na 1905. Wakalvini huamini Mungu ndiye anayechagua watakaookolewa. Weber akadai kwamba wasiwasi wa kutojua nani kachaguliwa uliwasukuma watafute dalili katika kazi zao. Wanahistoria wamempinga hadi leo.

Kwangu mimi, alama kubwa zaidi ya Ukalvini ni wazee wa kanisa. Mfumo huo ulipita Uskoti, ukaletwa Kenya na wamishonari waliojenga Thogoto, mahali palipopewa jina kutokana na Waskoti hao. Katika kanisa lao la Kipresbiteri, PCEA, mzee hukaa barazani pamoja na mchungaji, huwatembelea wagonjwa na kusuluhisha ugomvi wa majirani. Hakuna askofu juu yao. Hayo ndiyo ya Kikalvini hasa, na hayana uhusiano wowote na idadi ya biskuti.

Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, ukitaka kusema fulani ni bahili, andika bahili.